Punda akifa, mzigo haufiki

WAHENGA wetu walitunga methali nyingi juu ya punda, na takriban zote hazimtendei haki. Moja yasema, "Punda afe, mzigo ufike." Nyingine yasema, "Shukrani ya punda ni mateke." Mtu akitaka kumtukana mwenzake asiyeelewa upesi, humwita punda. Hata ule ugonjwa wa kutisha unaokaza misuli na kufunga taya tumeubandika jina lake, tukauita pepopunda, ingawa punda mwenyewe ni miongoni mwa wanaouawa nao.

Ndugu msomaji, huenda unaishi katika chumba cha kupanga mjini, unapanda basi kwenda kazini, na unaona habari za punda hazikuhusu. Lakini hebu fikiri kidogo. Huko Dodoma, Singida, Manyara, Arusha na Shinyanga, punda ndiye anayeleta maji nyumbani, ndiye anayepeleka mahindi mashineni na kurudi na unga. Huko Lamu, ambako vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba mno kwa gari kupita, punda ndiye anayebeba mawe, mchanga na saruji ya nyumba zote zinazojengwa. Na wako wafanyakazi wengi ambao, wakipata fedha kidogo za ziada, hujiuliza: nimnunulie nini mama kule kijijini ili naye apumzike? Jibu la wengi huwa ni punda. Fedha hutumwa, mnyama hununuliwa, hufungwa kamba, na mtoto wa mjini huona wajibu wake umekwisha. Ukweli wa mambo ni kwamba wajibu ndiyo kwanza umeanza.

MWENYEJI WA AFRIKA

Kwa nini tuna punda wengi na farasi wachache? Sababu kubwa ni maradhi. Farasi hushindwa upesi na nagana, ugonjwa uletwao na mbung'o. Vile vile upo ugonjwa mkali wa virusi unaoenezwa na visubi, ambao huua farasi wengi wanaoupata, ilhali punda akiupata mara nyingi haonyeshi hata dalili. Farasi ni mgeni katika sehemu hizi. Punda ni mwenyeji. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda alianza kufugwa hapa hapa Afrika ya Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Ndugu zake wa porini bado wamesalia wachache sana katika nyika kame za Ethiopia na Eritrea.

Asili hiyo ya nchi kavu yenye mawe yaeleza karibu kila jambo juu ya mnyama huyu. Ndiyo maana hushiba kwa majani makavu ambayo farasi angeyakataa. Ndiyo maana huvumilia kiu. Na ndiyo maana, akiogopa, hasimami kwa ukaidi kama tunavyodhani. Katika vilima vya mawe, mnyama anayekimbia ovyo huvunjika mguu. Aliye salama ni yule anayesimama kwanza, akatazama, akasikiliza, ndipo akaamua. Punda anayekataa kuvuka daraja hajatukaidi. Ametuuliza swali, nasi tumemjibu kwa fimbo.

Asili hiyo hiyo yaeleza pia udhaifu wake. Manyoya ya punda hayana mafuta ya kutosha ya kuzuia maji kama ya farasi, kwa hiyo mvua humlowesha hadi kwenye ngozi. Kwato zake nazo hufyonza unyevunyevu upesi. Jua hulistahimili, matope na baridi ya mvua ndivyo adui zake.

HESABU YA MAJI

Kabla ya kueleza utunzaji wake, tufanye hesabu ndogo. Chukua familia inayotumia lita 80 za maji kwa siku, na kisima kiko kilomita tatu kutoka nyumbani. Mama anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani atakwenda mara nne, yaani kilomita 24 kwa miguu, na nusu yake akiwa na mzigo kichwani. Kwa mwendo wa kilomita nne kwa saa, hizo ni saa sita. Akiwa na punda mmoja wa kubeba madumu mawili ya lita 20, atakwenda mara mbili, kichwa kitupu. Akiwa na punda wawili, atakwenda mara moja tu, naye atarudi katika muda wa saa moja na nusu.

Saa nne na nusu zilizobaki ni za shamba, za kupika kwa utulivu, au za kukaa kitako tu. Sasa igeuze hesabu hiyo. Punda akifa, au akilemaa kwa vidonda, mzigo hautoweki. Unarudi juu ya kichwa cha mama. Na mama akichoka unahamia kwa binti, ambaye siku hiyo hataonekana shuleni. Ndiyo kusema kwamba anayemtunza punda anatunza mgongo wa mama yake na daftari la dada yake.

KUMFUNDISHA BILA FIMBO

Punda wa kununua kwa kazi awe na umri wa kutosha. Mifupa yake hukomaa polepole. Akiwa na miaka miwili aweza kuzoezwa kamba na kutembezwa. Mizigo halisi isubiri mpaka atimize miaka mitatu hadi minne. Anayemtwisha mtoto wa punda huokoa msimu mmoja na kupoteza miaka mingi, kwani punda aliyetunzwa vema aweza kuishi miaka 25 au 30, na sehemu kubwa ya umri huo ikawa ya kazi.

Mafunzo huanza kwa kuzoeana. Msogelee kutoka ubavuni, karibu na bega, ukisema naye kwa sauti ya chini. Usimwendee kwa nyuma, maana hapo haoni vizuri, na mnyama asiyeona aliyemgusa hujihami. Mateke yanayosemwa katika methali aghalabu yana sababu mbili tu: hofu au maumivu. Mkune shingoni na juu ya mabega, kama punda wenyewe wanavyokunana. Hatua kwa hatua mpapase mgongo, tumbo na miguu, mpaka akubali kuinuliwa ukwato mmoja mmoja.

Baada ya hapo mvishe hatamu ya kamba laini, umtembeze nyuma ya punda mkubwa aliyekwisha kuzoea kazi. Hakuna mwalimu bora kuliko huyo. Kisha mtandike gunia tupu, halafu gunia lenye majani, halafu mzigo mdogo. Anayekusudiwa kuvuta mkokoteni azoezwe kwanza kusikia kelele za magurudumu akiwa pembeni, kabla ya kufungwa. Somo moja lisizidi robo saa au dakika 20, na limalizike wakati amefanya vizuri. Jambo moja likumbukwe sana: punda hasahau. Mahali alipopigwa atapaogopa kwa miaka, na mtu aliyemtendea wema atamfuata bila kamba.

MZIGO NA MATANDIKO

Hapa ndipo makosa mengi hutendeka. Punda wetu wengi wana uzito wa kilo 120 hadi 150. Mgongoni abebe kiasi cha theluthi moja ya uzito wake, yaani kilo 40 hadi 50. Madumu mawili ya lita 20 yanatosha kabisa. Madumu manne ni kilo 80, na anayemtwisha hayo kila siku asishangae mgongo ukipinda na magoti yakivimba.

Mzigo ugawanywe sawa pande mbili, na usikae juu ya uti wa mgongo. Ndiyo kazi ya shogi iliyofumwa vizuri, pamoja na tandiko nene chini yake lenye mfereji katikati, ili mifupa ya uti ibaki huru na hewa ipite. Tandiko laweza kushonwa nyumbani kwa magunia mawili na majani makavu. Lianikwe juani baada ya kazi, maana tandiko lenye jasho lililokauka hukwaruza kama msasa.

Kamba za nailoni zilizofungwa moja kwa moja mwilini hukata ngozi kama kisu. Zizungushiwe nguo kuukuu, hasa chini ya tumbo na chini ya mkia. Na katika kuvuta mkokoteni au jembe, asifungwe nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu ambayo nira huegemea, punda hana. Nguvu ya punda i kifuani. Avishwe ukanda mpana uliojazwa kitu laini, upite kifuani chini ya koo, ili asikabwe pumzi. Wengi wanaolalamika kwamba punda wao ni mvivu wamemkaba roho tu bila kujua.

Wenye mikokoteni ya magurudumu mawili mijini wapange mzigo katikati ya ekseli. Ukielemea mbele humbonyeza mgongo, na ukielemea nyuma humwinua. Magurudumu yajazwe upepo, na breki iwepo kwa ajili ya miteremko. Jioni mkokoteni uwe na vioo vya kurudisha mwanga, kwa usalama wa punda, mwendeshaji na wenye magari. Punda apumzishwe adhuhuri, na apewe siku moja nzima ya mapumziko kila wiki. Mfanyakazi gani asiyeijua thamani ya siku hiyo?

CHAKULA, MAJI NA KWATO

Chakula kikuu cha punda ni majani makavu na mabua. Tumbo lake limeumbwa kula kidogo kidogo kwa muda mrefu wa siku, wala si kushiba mara moja. Pumba au nafaka kidogo zaweza kuongezwa kwa punda anayefanya kazi nzito au anayenyonyesha, lakini gunia la mahindi liwe mbali naye. Punda akivamia nafaka aweza kupata msokoto wa tumbo au ugonjwa wa kwato, na vyote viwili humfanya asifae kwa kazi.

Maji apewe walau mara mbili au tatu kwa siku. Uvumilivu wake wa kiu usigeuzwe kuwa adhabu: katika joto na kazi aweza kuhitaji zaidi ya lita 20. Tena punda ni msafi. Maji machafu huyakataa hata akiwa na kiu. Ni jambo la aibu kwamba mnyama anayebeba maji siku nzima ndiye wa mwisho kunyweshwa.

Punda wa mijini ana hatari nyingine: jalala. Humo hula mifuko ya plastiki yenye mabaki ya chakula, nayo ikajikusanya tumboni na kuziba njia. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini plastiki za namna nyingine bado zimejaa majalalani. Kumwachia punda ajitafutie chakula jalalani ni kumwua polepole.

Kwato zitazamwe kila siku, mawe na samadi vitolewe kwa kijiti kisicho na ncha kali. Kila baada ya wiki sita hadi kumi zipunguzwe na mtu anayejua kazi hiyo. Ukwato uliorefuka na kukunjamana kama kiatu cha mfalme wa hadithini humfanya atembee kwa visigino, na maumivu hupanda mpaka mabegani. Meno nayo yakaguliwe mara moja kwa mwaka. Punda anayeangusha chakula akitafuna, akakonda ilhali majani yapo, huenda ana jino lenye makali.

BANDA LAKE

Wengi husema, "Punda alale nje, yeye si binadamu." Lakini tumekwisha kuona kwamba mvua humwingia. Banda lake si la gharama. Kwa punda wawili, eneo la mita tatu kwa mita tatu linatosha kujikinga, pamoja na ua wa kutembeatembea nje. Lijengwe mahali palipoinuka, maji yasituame. Upande unaokabili upepo wa mvua uzibwe kabisa. Upande wa pili waweza kuachwa wazi. Nguzo za miti, kuta za fito na udongo au matofali ya kuchoma, na paa la nyasi au bati lililoinuka kumpita mtu mrefu ili joto litoke. Mlango uwe na upana usiopungua mita 1.2, kwani punda akijigonga nyonga mara moja hataingia tena kwa hiari.

Sakafu ya udongo ulioshindiliwa, yenye mteremko mdogo kuelekea nje, yatosha. Itandikwe majani makavu, na samadi iondolewe kila asubuhi ipelekwe bustanini. Hori liwe chini, karibu na ardhi, maana punda hula akiwa ameinamisha kichwa. Chombo cha maji kiwe imara asikipindue. Weka na jiwe la chumvi alambe. Misumari, nyaya na mabati yaliyochongoka yaondolewe yote; jeraha dogo la msumari ndilo mlango wa pepopunda.

Tumesema punda wawili, na tumekusudia hivyo. Punda hufungamana na mwenzake kama ndugu. Akitenganishwa naye ghafla, kwa kuuzwa au kwa kifo, aweza kukataa chakula. Na punda asiyekula kwa siku mbili yuko hatarini, kwani mafuta ya mwili wake hujaa katika damu na kumwua. Mmoja akifa, mwachie mwenzake autazame mzoga na kuunusa kwa muda kabla hujauzika. Si ushirikina, humsaidia kuacha kumtafuta.

VIDONDA, UZAZI NA BWANA MIFUGO

Kidonda cha mgongoni dawa yake ya kwanza ni mapumziko. Kisafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, na punda asitandikwe mpaka ngozi mpya iwe imekomaa. Wako wanaopaka mafuta machafu ya gari au maji ya betri. Hayo huunguza nyama iliyo hai na kukifanya kidonda cha wiki mbili kiwe cha miezi. Chanjo ya pepopunda ipo, na dawa za minyoo zipo. Muulize bwana mifugo wa kata ratiba inayofaa mahali ulipo. Kwa kuwa punda huvumilia maumivu bila kelele, dalili zake ni ndogo: masikio yaliyolegea, kusimama peke yake, kuacha kula. Ukiziona, usingoje kesho.

Punda jike hubeba mimba kwa muda wa mwaka mmoja hivi, wakati mwingine zaidi, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Miezi mitatu ya mwisho apunguziwe kazi, na baada ya kuzaa aachwe kwa miezi kadhaa. Kondo la nyuma lisipotoka katika muda wa saa tatu, aitwe mtaalamu. Mnyama anayezaa mara moja kwa mwaka au zaidi hawezi kuongezeka upesi kama mbuzi. Jambo hili lina uzito mkubwa, kama tutakavyoona.

NGOZI ILIYOKARIBIA KUTUMALIZIA PUNDA

Katika China ipo dawa ya jadi iitwayo ejiao, ambayo hutengenezwa kwa gundi inayopatikana kwa kuchemsha ngozi za punda. Mahitaji yake yalipokua, punda wa China wakapungua, na wanunuzi wakageukia Afrika. Kenya ilianza kuwa na machinjio ya punda mwaka 2016. Wezi nao wakaingia kazini: watu walilala na punda wakaamka na kamba tupu, mizoga ikaonekana vichakani imechunwa ngozi. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8; ile ya mwaka 2019 ilihesabu wasiofika milioni 1.2. Serikali ya nchi hiyo iliyapiga marufuku machinjio hayo mwaka 2020, ingawa mwaka uliofuata Mahakama Kuu iliitengua amri hiyo. Tanzania, iliyokuwa na machinjio Dodoma na Shinyanga, ilipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara hiyo mwaka 2022. Februari 2024, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliafiki kuuzuia uchinjaji huo barani kote.

Funzo lake ni dhahiri. Bei ya punda ilipopanda kwa sababu ya ngozi, aliyeibiwa hakuweza kununua mwingine, na wanawake wakarudi kubeba maji kichwani. Amri za serikali zaweza kufunga machinjio. Haziwezi kufunga mlango wa banda usiku, wala kumtoa punda kwenye kipigo cha barabarani. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama, lakini sheria hufanya kazi pale mwananchi anapoona fimbo na kusema, "Ndugu, inatosha."

KABLA HUJATUMA FEDHA

Basi, ndugu msomaji, ikiwa mwaka huu umekusudia kumpunguzia mama mzigo, usihesabu bei ya mnyama peke yake. Hesabu punda wawili ikiwezekana. Hesabu mabati machache ya banda, kitambaa cha tandiko, ukanda wa kifuani, dawa ya minyoo na chanjo. Uliza ni nani atakayemwendesha, na kama ni kijana, kaa naye ukiwa likizoni umweleze habari za uzito na za fimbo. Kisha kila unapopiga simu nyumbani, baada ya kuwajulia hali wazee na watoto, uliza pia hali ya punda: amekula? kwato zikoje? kidonda kimepona?

Swali hilo halina gharama. Kwa yule mama anayeamka alfajiri kwenda kisimani, jibu lake ndilo litakaloamua kama maji ya siku hiyo yatakuja mgongoni mwa punda au kichwani pake.